Samadari ya Kashata: nilivyomchongea paka wangu kitanda

Tokea nilipoweka ile picha ya Kashata kalala chali juu ya samadari yake, kile kitanda cha kizamani cha fahari, simu haijanyamaza, kila mtu anataka kujua nimenunua wapi na bei gani. Sijanunua jamani, nimechonga mwenyewe barazani kwetu Kikwajuni, hapa Unguja, na hii ni ya tatu, mbili za mwanzo ziliharibika. Wazee wanasema paka hakubali kulala chali, na kweli paka hakuonyeshi tumbo lake mpaka awe na amani na pale alipo, kwa hiyo ile picha kwangu mie ni kama cheti.

Kwa nini samadari? Kwa bibi yangu Pemba ilikuwepo moja, matendegu, yaani miguu yake, yamekerezwa, mchagoni, upande wa kichwa, ina vioo vya rangi, refu mpaka unapandia kigoda. Sisi watoto tukilala uani kwenye kitanda cha kamba, kile kiitwacho teremka tukaze. Sasa paka wa bibi alikuwa na ruhusa ya vyote viwili, na kaskazi ikianza, lile joto la Januari, hata umbembeleze vipi hakai kwenye godoro, anakwenda kulala juu ya kamba tupu upepo unampitia kwa chini. Mie nimechukua hapo hapo, sura ya samadari, tumbo la teremka tukaze. Huku visiwani usimfanyie paka kitanda cha sponji kilichozibwa pande zote, atakinusa mara moja halafu aende zake akalale kwenye sakafu ya saruji.

Vipimo mchukue akiwa kalala. Nilimsubiri Kashata alale adhuhuri nikapitisha futi ya cherehani taratibu, akijikunja duara lake ni sentimita 38, akijinyoosha kutoka pua mpaka mkia unapoanzia ni 52. Nikakata mifumbati, mbao za ubavuni, ya sentimita 60 na vitakizo, mbao za kichwani na miguuni, vya 45, matendegu ya 30, kamba inakaa sentimita 20 kutoka chini, na upande wa mchago nikapandisha ubao mpaka 42 ili nipate pahala pa nakshi. Kama paka wako keshazeeka teremsha, sentimita 10 zinamtosha, viungo vyake havitaki tena kuruka.

Mbao ndo pahala nilipolia. Kitanda cha kwanza nilitumia vipande vya mbao za kuezekea vilivyobaki kwa jirani, zile zina rangi ya kijanikijani. Nshamaliza kuzipiga randa ndo fundi mmoja mzee anayechonga milango akapita, nikamwamkia, akaitika halafu akaokota kipande akakitazama, akaniambia mwanangu hii imetiwa dawa ya mchwa, huyo mnyama wako si anajilamba? Nikaishiwa nguvu. Dawa nyingi za mbao kama zile zina shaba, kromiamu na aseniki, na aseniki ni sumu. Paka anajilamba kutwa, chochote kilichopo kitandani kinakwenda manyoyani na kilichopo manyoyani kinakwenda tumboni. Ukiuziwa mbao usiulize tu bei, uliza imetiwa nini.

Yule yule mzee akanipa vipande vya mfenesi. Ukikata mfenesi ndani manjano kama bizari, baadaye rangi inaiva yenyewe kuwa kahawia, na mchwa hawaupendi sana, ndo maana hata milango ya Mji Mkongwe mengine imechongwa kwa mti huo. Lakini akanionya nisiutumie mbichi, na mie kwa haraka zangu nikautumia. Baada ya wiki chache mbao ikasinyaa, zile ndimi za mifumbati zikawa zinacheza ndani ya matundu ya matendegu, kitanda kinayumba kama ngalawa. Paka hasamehi kitanda kinachoyumba, kikimtikisa mara moja tu basi. Hicho cha pili nikakivunja, vipande vyengine nikavipanga kivulini na vijiti katikati vipewe hewa na nikasubiri mpaka msimu wa upepo wa kusi umekwisha.

Hiki cha tatu sikupiga hata msumari mmoja. Nimetoboa tundu kwa keekee nikalisawazisha kwa patasi, ulimi unaingia kwa kubanwa, na gundi ya mbao kidogo tu. Kamba ikishasukwa na kukazwa inavivuta vitakizo na mifumbati kuja ndani, kitanda kinajikamata chenyewe. Kukereza matendegu nilimpelekea fundi mwenye mashine, hapo sitaki kudanganya mtu, lakini hata ukichonga ya pembe nne kwa mkono inapendeza, muhimu msasa upite mpaka kiganja kisikwame.

Kamba nimechukua ya usumba, zile wanazosokota kinamama wa Jambiani na Paje. Wanafukia makumbi ya nazi pwani kwenye maji yanapofika, yanakaa miezi mpaka yalainike, halafu wanayaponda na kusokota kwa viganja juu ya paja. Kazi nzito sana ile, msipunguziane bei. Mie nilitumia kama mita 30, unene wa penseli. Unafunga kwenye mfumbati, unavuka, unazungusha, unarudi, nafasi sentimita tatu tatu, ukimaliza upande mmoja unageuka kuupitisha mwengine juu, chini, juu, chini. Vaa kitambaa vidoleni, usumba unakata. Nafasi usiiache kubwa kuliko hiyo, mguu wa paka ukizama anaogopa na harudi. Na faida nyengine ambayo wala sikuipanga, iliyobaki nikaizungusha kwenye matendegu mawili ya mbele na sasa anapiga kucha hapo, makochi yangu yamepona.

Nakshi ndo raha yenyewe. Pembeni nimepitisha mnyororo kama wa milango, na katikati ya mchago pale wenzetu wanapoweka yungiyungi mie nimechonga dagaa watatu wanafukuzana. Nilimaliza siku nne kwa wale dagaa tu, magamba nimeyatoboa kwa ncha ya msumari moja moja. Sikutoboa mbao upande wa pili kwa sababu watoto wa paka hutia vichwa vyao kila penye tundu.

Sasa nisikilizeni vizuri khasa wenzangu wa Pemba. Shangazi alinipa kichupa cha mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, nipake kuzuia bungua, wale wadudu wanaotoboa mbao, na mie nikapaka, harufu nzuri nyumba nzima. Kashata alipanda, akalamba mguu wake, akaanza kutoka mate kama mvua. Nikamkimbiza kwa daktari wa mifugo, akaoshwa, alhamdulillahi akapona. Mafuta ya karafuu sehemu kubwa ni yujenoli, na ini la paka haliwezi kuivunja kama linavyofanya ini letu, inabaki mwilini inamdhuru. Ndo ile ile sababu ya parasetamoli kuwa sumu kwao, kidonge kimoja kinaweza kumuua. Karafuu ni fahari yetu lakini isiguse kitanda cha paka, wala nafthalini, na chetezo cha udi kiweke mbali naye. Nilikwangua yote nikapiga msasa upya nikapaka nta ya nyuki niliyoiyeyusha na mafuta ya nazi kidogo, nikafuta kwa kitambaa mpaka ikauka.

Kuna na chandarua, maana samadari bila chandarua naona kama imevuliwa nguo. Nilishona kimoja kidogo na riboni nikakitoa siku ya pili. Ulimi wa paka una vimiba vinavyotazama nyuma, uzi ukishika hapo hawezi kuutema, unakwenda tu ndani, na uzi unakunja matumbo mpaka apasuliwe.

Juu ya kamba nimeweka kigodoro chembamba cha sufi, foronya inavulika nafua kila wiki. Baada ya yale mafuta, wiki ya kwanza hakupanda kabisa. Nikamwekea kanga yangu niliyoivaa siku mbili bila kuifua, nikakisogeza kitanda pale pale dirishani alipozoea kulala, sikumbeba wala kumsukuma, ukimbeba ukamweka anajua anatiwa mtegoni. Siku ya tisa naamka alfajiri kusali namkuta yupo.

Kuhusu matunzo hakuna mengi, sisimizi wakianza kupanda weka kila tendegu ndani ya kikopo cha maji. Na kamba hulegea, tumbo la kitanda linashuka. Hapo nafungua ncha ya miguuni navuta mstari mmoja mmoja mpaka ukiipiga kwa kidole inalia. Kashata akiniona tu nimeshika kamba anakuja kujilaza katikati. Namwambia teremka tukaze, hateremki, nakaza naye yupo juu.