Ukitoka usiku huu utalala wapi?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi msomaji wako wa siku nyingi ila kukuandikia ndo mara ya kwanza. Juzi nimeangalia habari za lile kanisa la kule Marekani, mpakani mwa Utah na Arizona, mwanaume mmoja ana wake hata kumi, mabinti wanaozeshwa wadogo, nabii wao yuko jela na bado watu wanamfuata. Tulibishana na mume wangu mpaka usiku wa manane, yeye anasema hao wanawake wanapenda wenyewe, hawajafungwa kamba, si wangeondoka tu. Mimi sikua na jibu ila roho iliniuma sana. Ni kweli wanapenda? Na mtu kama huyo akitoka anaanzaje maisha? – Mama wawili

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kukosa usingizi maana hata mimi habari za hawa watu zilinikalia kichwani muda mrefu. Kanisa hilo linaitwa FLDS kwa kifupi, ni tawi lililojitenga na Wamormoni, kanisa lililoanzia hukohuko Marekani, na tusiwachanganye na Wamormoni wa kanisa kubwa, wale waliacha ndoa za mitala tangu 1890, hawa ni waliokataa kuacha wakaenda kujitenga kwenye vijiji viwili vilivyoshikana, Hildale upande wa Utah na Colorado City upande wa Arizona.

Mumeo muulize kitu kimoja tu. Mwanamke huyo akitoka usiku huu atalala wapi? Manake watu wakiongelea mambo haya wanakimbilia imani, imani, imani, na imani ipo kweli sikatai, lakini mimi naona kilichowashika zaidi ni nyumba. Tangu 1942 kanisa lilianzisha mfuko wa mali ya pamoja, ardhi yote na nyumba zote zikawa za mfuko, yaani mpaka 2005 baba alikua anajenga kwa mikono yake na hela yake miaka kumi halafu nyumba si yake, kiongozi akisema toka anatoka. Sasa kama mwenye kujenga yuko hivyo, mke wa nne ana nini? Kisheria anayetambulika ni mke wa kwanza tu, hao wengine wamefungishwa ndoa na nabii, hawana cheti, kwaiyo hakuna hata talaka ya kwenda kudai mahakamani wala mgao wa mali, anatoka na watoto saba na nguo alizovaa.

Na akitoka anajua nini? Mwaka 2000 wazazi waliambiwa wawatoe watoto wote shule za serikali, Tv na intaneti vikapigwa marufuku, binti anakua anajua kushona, kupika na kulea wadogo zake, na kila siku anaambiwa awe mpole, atabasamu, asioneshe hasira. Mwanangu, mtu aliyefundishwa kuificha hasira tangu ana miaka mitatu, siku akionewa anajuaje kwamba ameonewa? Hapo ndipo mimi huwa nashindwa kabisa kusema "wanapenda wenyewe".

Halafu kuna hofu ya nje. 1953 polisi wa Arizona walivamia kijiji, watoto zaidi ya 200 wakachukuliwa, familia zingine zilikaa zaidi ya miaka miwili ndo wakarudishiwa watoto. 2008 ikatokea tena kwenye ranchi yao Texas, watoto zaidi ya 400, na mahakama ya juu kabisa ya huko ikaamuru warudishwe kwa sababu serikali haikua na ushahidi wa kutosha kuwachukua wote kwa mpigo. Nia yaweza kua ilikua nzuri lakini fikiria mama aliyeona hayo, viongozi wake walimwambia miaka yote kwamba watu wa nje watakunyang'anya watoto, na kweli wamekuja na magari wamewachukua. Atakimbilia kwa nani?

Mambo yaliharibika zaidi baada ya 2002, nabii wao mzee Rulon Jeffs alipofariki na mwanae Warren Jeffs, ndo huyo nabii aliye jela, akashika uongozi. Huyu alikua anampokonya mwanaume wake zake na watoto anawagawa kwa mwanaume mwingine, Januari 2004 aliwafukuza wanaume kama 20 siku moja, watoto wakaambiwa fulani sio baba yenu tena. Alikamatwa 2006, na 2011 mahakama ya Texas ikampa kifungo cha maisha na miaka 20 juu kwa kuwanajisi mabinti wawili, mmoja wa miaka 15 na mwingine 12. Kumi na mbili, mwanangu!

Sasa kuanza upya. Wengi waliotoka wanasema siku za kwanza kigumu kilikua kuchagua, yaani uamke uamue mwenyewe unavaa nini maana kule magauni ni yale marefu yaliyofungwa shingoni na mikono mpaka viganjani, nywele hazikatwi, na nani anaoa nani anaamua nabii. Kuna mama anakata nywele analia, sio kwamba anazipenda, ni kwamba bado sauti inamwambia atachomwa moto. Kuna mashirika Utah yanawatafutia familia za kuwapokea, yanawasaidia kupata vitambulisho, kurudi darasani ukubwani, ushauri wa kisaikolojia, na wakili wa kupigania watoto. Kinachouma zaidi hakina shirika, mama yako mzazi na dada zako wanakuita mwasi, wanakukwepa njiani.

Ila angalia kilichotokea nyumba zilipoachiliwa. 2005 mahakama ya Utah ilichukua usimamizi wa ule mfuko, taratibu nyumba zikaanza kupewa watu waliozijenga au waliofukuzwa, watu wakarudi, na 2017 Hildale wakamchagua meya mwanamke, Donia Jessop, ambaye mwenyewe alikua ametoka kwenye hilo kanisa. Na 2020 Utah ikapunguza makali ya sheria, mitala ya watu wazima waliokubaliana ikawa kosa dogo tu, walioitetea wakisema mke akienda kushtaki kipigo asiogope kwamba na yeye atafungwa. Kuna waliolalamika kwamba ni kubariki mitala, mimi nipo upande wa huyo mama mwenye jicho lililovimba anayefikiria kama apige simu au asipige.

SWALI: Shangazi mbona mnaongelea wanawake tu, wavulana wa hapo wanaishije kama wazee wameoa wote? – Kijana msomaji

JIBU: Swali zuri sana mwanangu na hesabu umeipiga vizuri. Mzee mmoja akiwa na wake kumi kuna vijana tisa watakosa, kwaiyo wanapunguzwa. Kosa linatafutwa, umeangalia filamu, umevaa mikono mifupi, umeongea na msichana, unapelekwa barabarani una miaka 15 au 17, huna shule huna ndugu, na mama yako kakatazwa kukutafuta. Wengi waliishia kwenye pombe na madawa, wanalala kumi chumba kimoja, na wanaamini kabisa wamelaaniwa.

Lakini 2004 sita kati yao walimshtaki Jeffs na kanisa lake mahakamani. Jeffs akajificha, hakujibu kesi, na mfuko uliposhtakiwa bila mtu wa kuutetea mali yote ikawa hatarini kupotea, ndo serikali ya Utah ikaomba mahakama iwaondoe wasimamizi wake. Zile nyumba nilizomwambia mwenzako hapo juu, mlango wake ulianza kufunguliwa na vijana waliotupwa barabarani.