Shangazi, nirudi Dar au nibaki Leicester?

"Shangazi, shikamoo. Nina miaka 41, huu mwaka wa 12 nipo Leicester, nahudumia wazee kwenye nyumba ya kuwatunzia. Nina kibali cha ukaazi wa kudumu, ila pasi yangu bado ya Tanzania. Nalea peke yangu mtoto wa miaka minane. Mama yuko Mbagala, presha inamsumbua. Kila nikija Desemba naondoka nalia. Nina kiwanja Goba, kaka anasimamia ujenzi, tumefika kwenye lenta. Wenzangu wa huku wanasema nikirudi nitajuta. Nifanyeje? — Njia Panda"

Marahaba mwanangu. Dar unayoililia ni ya Desemba. Unapikiwa, unaendeshwa, pauni ziko mkononi, sebule imejaa ndugu. Leicester nayo unaipima kwa zamu ya usiku ya Februari. Hiyo mizani umeiegemea kwa kiwiko.

Jirani yangu wa Tabata alirudi kutoka Ulaya akapokewa uwanja wa ndege na Coaster nzima. Mwezi wa tano nikamkuta kituo cha Relini, suruali kaikunja hadi magotini, anagombania daladala mvua inanyesha. Wale wa kwenye Coaster hawakuwa wakipokea simu zake. Hajaondoka, na anasema hajuti. Ila anakiri kwamba hakuna aliyemwambia kuhusu mwezi wa tano.

Basi njoo uuone mwenyewe. Omba likizo ndefu bila malipo, uje Machi masika yakianza, ukae miezi mitatu. Panga chumba, na dalali umlipe mwezi wake kama sisi. Usifikie kwa mama, huko utakuwa mgeni tu. Kibali chako hakitapotea kwa safari hiyo: kwa sheria ya Uingereza, ukaazi wa kudumu unakufa ukikaa nje zaidi ya miaka miwili mfululizo. Una nafasi ya kujaribu na kurudi. Kabla ya kuacha kazi kabisa, angalia pia miaka yako ya michango. Pensheni ya serikali ya kule inahitaji angalau miaka 10, na ukiichukulia Tanzania haiongezwi kila mwaka kama ya aliyebaki kule.

Suala la kuapa uraia wa Uingereza ulitazame kwa makini. Ukiapa, wa Tanzania unaupoteza, maana mtu mzima hapa haruhusiwi kuwa na uraia wa nchi mbili, na asiye raia hamiliki ardhi kama raia. Mwaka 2025 Bunge lilipitisha hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania walioko nje. Imelegeza mambo, ila sio uraia. Kiwanja chako kiko Goba, kumbuka.

Na hapo Goba, hebu niulize: kaka anakutumia picha za pande zote nne, au ule upande mmoja tu kila mwezi? Nauliza tu.

Sasa mama. Fungua simu uhesabu watu uliowatumia hela mwaka huu, "na ya kutolea". Dawa za presha, ada za wapwa, tanga za misiba. Ukirudi, nani ataendelea na nani atakatika? Kaa na mama muongee hilo kwa shilingi, uso kwa uso. Huenda anakutaka uwe karibu hata hela ikipungua. Huenda pia ameshajizoesha usichokijua. Wewe unamlilia, lakini kwenye barua yako yote sijaona aliposema anataka nini.

Mtoto umemtaja kwa sentensi moja. Kiswahili anakijua, au anakisikia tu ukigombana na kaka kwenye simu? Miezi mitatu hiyo mlete, umtazame akicheza na watoto wa mtaani.

Mje na mabegi mawili tu. Mkishuka na masanduku manne, hata wa bajaji atawapandishia bei.