Kaka anasikia sauti: asomewe au apelekwe hospitali?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Nakuandikia kutoka Kaloleni, Kisumu. Kaka yangu ana miaka 26. Tangu Rajab hapati usingizi, anajibizana na watu tusiowaona, na chakula cha nyumbani hagusi, eti kimetiwa sumu. Hospitali walimpa vidonge, akavinywa wiki mbili akaacha kwa sababu mikono ilimtetemeka. Mama anasema ni jini, na dawa ni upungufu wa imani. Sasa yuko kwa msomaji mmoja aliyemfunga mnyororo. Tumwache huko? Na swala na saumu zake je?

JIBU: Wa alaykumu salaam. Dada yangu, mnyororo utoke leo. Ruqya, yaani kumsomea mgonjwa, ni Fatiha, Ayatul Kursi, sura mbili za kinga (Falaq na Nas) na dua. Mama mwenyewe anaweza kumsomea mwanawe akiwa amelala kitandani kwake. Kufunga, kupiga na kufukiza pilipili ni dhuluma, hata kama anayefanya hivyo ana kilemba.

Majini wapo, Qur'ani imesema. Lakini kuwapo kwao si ushahidi kwamba hili la kaka yako ni lao. Mimi nimesomea fiqhi, siwezi kumpima mgonjwa kwa kumtazama macho. Daktari wa akili naye hana kipimo cha damu kinachosema "huyu ana skizofrenia", ugonjwa wa akili ambao mtu huweza kusikia sauti zisizokuwepo. Damu huchukuliwa ili kuondoa yanayofanana nayo: malaria iliyopanda kichwani, kaswende, virusi vya Ukimwi. Bangi nayo huulizwa, basi msimfiche daktari. Kilichobaki ni maswali mengi, kwake na kwenu: yalianza lini, sauti zinamwambia nini, zinamwamrisha ajidhuru, katika ukoo kuna aliyewahi kuugua hivi? Kwa hiyo asiende peke yake. Pale Russia, yaani hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga hapo Kisumu, kuna kitengo cha wagonjwa wa akili.

Kutetemeka mikono si jini kukataa dawa. Haloperidol na ndugu zake, dawa za kutuliza sauti hizo, hufanya hivyo, na hukaza shingo pia. Daktari akiambiwa hupunguza kipimo au hubadilisha dawa. Na wiki mbili ni chache; dawa hizi huweza kuchukua wiki kadhaa kabla nafuu haijaonekana vizuri.

Mabedui walimuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kama wajitibu. Akawaambia wajitibu, kwani Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee. Wameipokea Abu Daud na Tirmidhi. Najua mama atakutajia yule mwanamke wa kifafa aliyechagua subira akaahidiwa Pepo. Ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim. Ila yule alichagua mwenyewe, akili yake timamu. Kaka yako, sauti ndizo zinazomchagulia.

Swala za siku ambazo hakuwa na akili yake hazilipi, kalamu ilikuwa imeinuliwa kwake, yaani haandikiwi dhambi. Akizinduka aanze na ile iliyo mbele yake. Saumu za siku hizo hali kadhalika, kwa madhehebu yetu ya Shafii. Akiwa na akili lakini kufunga kunamdhuru, ale, alipe baadaye. Ramadhani ikiingia, muulizeni daktari kama vidonge vinaweza kunywewa futari na daku, msivihamishe wenyewe. Na akipewa dawa kwa sindano ya kila mwezi ya msulini, haifunguzi.

Mama akikataa, mwambie aje msikitini baada ya Alasiri, nitazungumza naye.