Kabla hujailaumu lehemu, geuza mkondo

Mwaka wangu wa kwanza kazini, katika maabara moja ya kujaribu chipu mjini Dresden, Ujerumani, nilikata bodi sita nzima bila sababu. Nilipewa kukagua maungio ya lehemu, vile vidonge vinavyoishikiza chipu kwenye bodi, kila kimoja kikiwa na kipenyo cha nusu milimita hivi. Ungio zima huwa na ukinzani, yaani kipimo cha jinsi linavyouzuia mkondo wa umeme, wa takriban miliohmu moja (sehemu ya elfu ya ohmu) au pungufu. Mita ilinionyesha 1.6. Nikaamua lehemu imepasuka, nikazikata bodi, nikazisugua hadi zikang'aa, nikaziweka chini ya darubini. Hapakuwa na ufa hata mmoja.

Siku hizi vijana wa vyuo vya ufundi huko nyumbani huniandikia wakiuliza wanunue mita gani kwa kazi kama hii. Mimi huwajibu kwamba mita waiache kwanza. Waanze kwa kujua volteji wanayoisoma inatoka wapi.

Testa ya kawaida hupitisha mkondo katika nyaya zile zile mbili inazosomea volteji. Nyaya hizo na ncha zake peke yake zinaweza kuwa na ukinzani wa sehemu ya kumi ya ohmu, yaani mara mia ya ungio unalolitafuta. Ni sawa na kupima punje za iliki kwenye mzani wa magunia, na mpimaji mwenyewe kasimama juu ya mzani. Kuirudisha mita kwenye sifuri kabla ya kupima hakutoshi, kwa sababu mgusano wa ncha hubadilika kila unapozibonyeza upya. Dawa yake ni nyaya nne: mbili za kupitisha mkondo, mbili za kusoma volteji tu. Kwa kuwa hizi za pili karibu hazipitishi mkondo wowote, ukinzani wake haupotezi kitu. Njia hii imebeba jina la Kelvin, yule William Thomson aliyeshughulika na ukinzani mdogo tangu miaka ya 1860.

Lakini zile bodi sita nilizipima kwa nyaya nne.

Kilichoniponza ni joto. Bodi zilikuwa zimetoka kwenye tanuri la majaribio, nami kwa pupa nikazipima zikiwa bado vuguvugu. Metali mbili tofauti zinapokutana, upande mmoja ukiwa na joto kuliko mwingine, huzaa volteji yake yenyewe. Thomas Seebeck aliligundua jambo hilo mwaka 1821. Shaba ikigusana na lehemu ya bati na risasi hutoa kati ya maikrovolti 1 na 3 (maikrovolti ni sehemu ya milioni ya volti) kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto. Ni kidogo sana, utasema. Basi tazama nilikuwa nikisoma nini: mkondo wa miliampea 10 ukipita kwenye miliohmu 1 hutoa maikrovolti 10. Tofauti ya nyuzi mbili tatu tu kati ya ncha na ncha inatosha kuharibu zaidi ya nusu ya jibu. Shaba iliyoota oksidi ni mbaya zaidi, kwani ikigusana na shaba safi inaweza kufikia maikrovolti 1000 kwa nyuzi moja. Ndiyo maana nasisitiza kusafisha ncha kila asubuhi.

Fundi mmoja wa makamo aliniona nimeinama juu ya vipande vyangu, akaniuliza swali moja tu: "Umegeuza mkondo?" Sikuwa nimegeuza. Tukachukua bodi nyingine ya kundi lile lile, nayo bado vuguvugu. Tulipopitisha mkondo upande huu, tukasoma maikrovolti 16. Tulipougeuza, tukasoma 4 hasi. Volteji ya joto haijali mkondo unaelekea wapi, inabaki ilivyo. Ya ungio hugeuka pamoja na mkondo. Kwa hiyo toa ya pili kwenye ya kwanza upate 20, gawa kwa mbili upate 10, na ukinzani ni miliohmu 1. Zile 6 zilizobaki zilikuwa joto tupu. Kama joto linaendelea kupanda au kushuka, pima mara tatu, mbele, nyuma, mbele, ili uweze kuondoa na lile badiliko lenyewe.

Utashawishika kuongeza mkondo ili volteji ikue. Nami nilishawishika. Kwenye kidonge cha lehemu kinene huenda usidhurike, lakini ule waya mwembamba wa dhahabu unaounganisha chipu na miguu yake, ukiwa na unene wa maikromita 25, una miliohmu 50 hivi kwa kila milimita, na ampea moja huutia joto haraka. Ukinzani wa shaba hupanda kwa karibu asilimia 0.39 kwa kila nyuzi. Nyuzi kumi ni karibu asilimia 4, na hapo unapima joto ulilolitia mwenyewe. Pima kwa miliampea 10, kisha 20, kisha 50. Jibu likipanda pamoja na mkondo, rudi chini. Na uandike joto la chumba kando ya kila namba, hata kama unaona halina maana.

Jambo moja haliwezi kurekebishwa baadaye: mahali nyaya za volteji zinapoanzia. Zikianzia sentimita moja mbali na ungio, umepima na ile njia ya shaba ya bodi, na hakuna chombo cha bei yoyote kitakachokutenganishia. Kaa na mchoraji wa bodi kabla haijaagizwa, umwombe kila ungio unalolijali liwe na vituo vyake vinne, viwili vya mkondo na viwili vya volteji, hivi vya pili vikigusa pale pale lehemu inapoanza na inapoishia. Atakuambia nafasi haitoshi. Mng'ang'anie.

Bodi zilizofuata zilichorwa hivyo. Tukazizungusha kwenye baridi na joto, tukiziacha zitulie kabla ya kila kipimo na kugeuza mkondo kila mara. Baada ya wiki kadhaa ungio moja la pembeni lilitoka miliohmu 1.0 likafika 1.2, kwa joto lile lile la chumba. Nikaikata bodi ile. Ufa ulikuwepo, umeanzia ukingoni na kuingia ndani ya lehemu, haujafika upande wa pili.