Requires= pekee haipangi zamu ya huduma kuanza

Ndugu, umeeleza kwamba programu yako huanguka kila umeme unaporudi na seva kuwaka, kwa kuwa hifadhidata ya PostgreSQL inakuwa bado haijawa tayari, ingawa umeandika Requires=postgresql.service kwenye faili la huduma la systemd, programu ya Linux inayowasha na kusimamia huduma. Nimekutana na hali hiyo mara nyingi kwenye seva za Debian (aina ya Linux) ninazozitunza. Requires= husema huduma ipi inaihitaji ipi; haisemi ipi itangulie, na bila After=, inayopanga zamu, systemd huziwasha zote kwa pamoja.

Ongeza After=, lakini usiishie hapo. After= husubiri hadi systemd iihesabu huduma ya kwanza kuwa imekwisha kuanza, na hesabu hiyo hutegemea Type=, yaani aina ya huduma iliyoandikwa kwenye faili lake. Kwa Type=simple inatosha mchakato uwe umezinduliwa, hata kama bado haupokei maombi; kwa Type=notify huduma yenyewe hutoa taarifa ikiwa tayari. Tena kwenye Debian postgresql.service ni ganda tu linaloendesha /bin/true, huku kazi yenyewe ikifanywa na huduma kama postgresql@15-main.service. Hifadhidata ikishindwa kuwaka, ganda hilo bado huonekana limewaka vizuri, na Requires= yako haizuii kitu.

Mimi huandika hivi:

[Unit]
Wants=postgresql.service
After=postgresql.service

[Service]
ExecStartPre=/bin/sh -c 'until pg_isready -q -h 127.0.0.1; do sleep 1; done'
Restart=on-failure
RestartSec=5

Mstari wa ExecStartPre= hutumia pg_isready kungoja hadi hifadhidata ianze kupokea maombi. Hariri faili lenyewe la huduma yako, kwa sababu nyongeza ya systemctl edit haiwezi kufuta Requires= iliyokwisha kuandikwa, kisha endesha systemctl daemon-reload. Nachagua Wants=, inayoomba tu huduma nyingine iwashwe bila kuifunga na yako, kwa kuwa, ukiwa na Requires=, mtu akiisimamisha hifadhidata programu nayo husimamishwa, na hairudi yenyewe hifadhidata inapowashwa tena. RestartSec usiiache: kwa kawaida systemd hungoja milisekunde 100 tu, na huduma ikijaribiwa mara 5 ndani ya sekunde 10 huachwa kabisa.

Hata hivyo, mpangilio huu wa zamu unahusu wakati wa kuwasha tu. Hifadhidata inaweza kuwashwa upya saa sita mchana, watu wakiwa kazini, na hapo After= haina msaada wowote; kwa hiyo nasisitiza kwamba programu yenyewe ifundishwe kuunganisha upya inapokatika. Baada ya kubadilisha, washa seva upya, kisha usome systemd-analyze critical-chain (huonyesha nini kilisubiri nini) pamoja na journalctl -b -u (kumbukumbu za tangu kuwaka) ya huduma yako.