Mwalimu, ondoa mkono kwenye kipanya

Darasa langu la kwanza lilikuwa na vijana kumi na wanne na kompyuta sita. Nilikuwa nimejiandaa hasa: mchoro wa sehemu za kompyuta umebandikwa ukutani, maelezo yamechapwa, kila mtu na daftari lake. Aliyekwama nilimwendea, nikainama begani kwake, nikashika kipanya, ta-ta-ta, tatizo limekwisha. "Umeona?" "Nimeona, mwalimu." Nikahamia kwa mwingine. Nilikwenda hivyo miezi mitatu, na nilikuwa najiona mwalimu kwelikweli.

Siku ya jaribio nilimwambia binti mmoja, yule mwenye daftari safi kuliko wote, afungue faili lililokuwa mbele yake kwenye skrini. Akaweka mshale juu ya faili. Akabofya. Akavuta pumzi. Akabofya tena. Faili halikufunguka. Jina lake ndilo lililobadilika rangi na kuzungushiwa kisanduku, maana ukibofya polepole mara mbili kompyuta inadhani unataka kubadili jina. Akashtuka, kidole kikagusa kibodi, jina lote likafutika ikabaki herufi moja. Akaondoa mikono kama aliyeungua. Daftari lake lilikuwa wazi pale pembeni, limeandikwa kwa mwandiko mzuri: "Bofya mara mbili haraka."

"Ninajua, mwalimu," aliniambia, "ila mkono haujazoea."

Usiku ule nilipiga hesabu. Somo la saa mbili. Dakika arobaini ninaongea mimi. Zinazobaki themanini, mashine sita, watu kumi na wanne: kila mmoja anaangukia dakika thelathini na kitu. Hapo toa muda ambao kipanya kiko mkononi mwangu. Toa tena muda wa yule kijana mjuaji anayempokonya mwenzake. Binti asiyependa kugombana alikuwa akipata, tukisema sana, dakika tano. Tulikutana mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu, kwa hiyo jumla yake ni saa moja. Nilikuwa nimemfundisha mtu kompyuta kwa saa moja, halafu nikamshangaa.

Tangu hapo ninapima kitu kimoja tu: dakika ambazo mkono wa mwanafunzi mwenyewe umekaa kwenye kibodi. Idadi ya mashine, ya waliohudhuria na ya vyeti nimewaachia wanaopenda kupiga picha siku za uzinduzi.

Cha kwanza kubadilika nilikuwa mimi. Sasa nikimsogelea aliyekwama ninafunga mikono nyuma ya mgongo. Ni mateso, sikufichi. Unaona kabisa kitufe kiko wapi, na mwenzio anazungusha mshale pembe zote za skrini kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Lakini ukikosa mkono unalazimika kutafuta maneno, na ukitafuta maneno unagundua hata wewe hukuwahi kuyajua. "Bofya pale" si maelekezo. "Kona ya juu, kulia, alama ya msalaba" ndiyo maelekezo. Akikwama sana ninamuuliza maswali mawili: ulitaka kitokee nini, na kimetokea nini? Mara nyingi akifika katikati ya kujibu la pili, anacheka na kuendelea mwenyewe.

Cha pili ni wawili kwa mashine moja, na kengele ya simu kila baada ya dakika kumi. Asiye na kipanya ndiye anayesema la kufanya. Mwenye kipanya anatenda tu. Kengele ikilia wanabadilishana, hata kama sentensi haijaisha. Waandaaji wa programu hufanya kazi hivihivi, mmoja anaandika na mwenzake anasoma na kuhoji, kwa hiyo usidhani ni dawa ya uhaba wa mashine peke yake. Yule mjuaji, ukimnyima kipanya na kumwachia mdomo, anageuka mwalimu msaidizi bila kuteuliwa.

Naomba niseme kidogo kuhusu vifaa, kwa sababu kila anayeniandikia anaanzia huko: "Tunatafuta mfadhili wa kompyuta ishirini." Mwaka 2005 Nicholas Negroponte, profesa wa chuo cha MIT huko Marekani, alitangaza mradi wa One Laptop per Child, laptopu ya dola 100 kwa kila mtoto wa nchi maskini. Peru ilizichukua kwa mamia ya maelfu. Mwaka 2012 watafiti walichapisha matokeo kutoka shule 319 za vijijini huko, na katika hisabati na lugha hawakuona tofauti kati ya shule zilizopata laptopu na zilizokosa. Kwenye vipimo vya uwezo wa jumla wa kufikiri palikuwa na nafuu kiasi, na watoto walizitumia kweli. Ila mashine zilifika kabla ya mtu wa kukaa nazo. Mimi ningechukua kompyuta nne zinazowaka na mtu mmoja anayefika kila Jumamosi bila kukosa, kuliko ishirini zilizofungiwa stoo kwa sababu ufunguo yuko nao mkuu na mkuu amesafiri.

Hizo nne, kwa sasa, hazipatikani kwa shida kama zamani. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kirasmi haizikubali mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 hivi. Maofisi yanazitoa. Ni mashine nzima kabisa. Kilichokwisha ni ruhusa. Ukiipata, itoe ile diski ya zamani inayozunguka uweke ya SSD, isiyozunguka na yenye kasi zaidi, halafu isimike Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, toleo lake jepesi la Xfce. Kwa kumbukumbu ya gigabaiti 4 itakwenda vizuri tu kwa kuandika, kusoma, mahesabu na kujifunza kuprogramu. LibreOffice ya kuandikia na mahesabu, na Scratch na Python za kujifunzia kuprogramu, hazidai leseni ya mtu. Kabla ya kupokea, mwenyewe afute data zake au mzifute pamoja anaona. Na usipokee mashine mbovu kwa kuona haya. Nilishawahi kupokea tisa kwa mkupuo, tukapiga makofi, ikaja kuonekana inayowaka ni moja, na kuzitupa zile nane kulinigharimu kuliko ningenunua nyingine.

Kuna jambo ambalo sikulitegemea. Vijana wanaokuja siku hizi wameshika simu tangu wadogo, wana kasi ya vidole inayoniacha mbali, na watu wazima wanawaita "wa kidijitali". Muulize mmoja faili lake liko wapi. Simu haijawahi kumwonyesha faili. Imemwonyesha picha ndani ya programu ya picha, na ujumbe ndani ya programu ya ujumbe. Kijana mmoja aliandika barua ya maombi ya kazi siku ya kwanza, akafunga. Siku ya pili akafungua ukurasa mpya akaianza upya. Siku ya tatu hivyohivyo. Nikadhani anafanya mazoezi, nikamsifu! Kumbe aliamini kompyuta inakula kila unachoifungia. Barua zote tatu zilikuwa zimelala ndani ya folda moja, zina majina yanayofanana. Kesho yake nilikuja na boksi na bahasha, bahasha ndani ya bahasha, tukacheza nusu saa kwa karatasi bila kuwasha mashine hata moja. Somo la folda silifundishi tena kwa njia nyingine.

Simu yenyewe nisiidharau, kwa wengi ndiyo kompyuta pekee watakayokuwa nayo nyumbani. Simu nyingi za Android zinapokea kibodi ya kawaida kwa kupitia waya mdogo wa OTG, ule unaoiwezesha simu kupokea kifaa cha USB. Kibodi kuukuu na kile kiwaya vinampa mtu dakika za mazoezi siku ambazo darasa limefungwa. Bando ndilo tatizo, na hapo hazina kubwa ni vitu vinavyosomeka bila mtandao. Kiwix, programu ya bure, inakupa Wikipedia nzima, ile ensaiklopidia ya mtandaoni, kwenye kifaa chako: ya Kiingereza yenye picha inapita gigabaiti 90, ya Kiswahili ni sehemu ndogo sana ya hiyo na inaingia kwenye simu ya kawaida. Kolibri, programu nyingine ya bure, nayo inabeba masomo na mazoezi, na ukiiweka kwenye Raspberry Pi, ile kompyuta ya ukubwa wa kadi ya benki iliyotoka mwaka 2012, simu za darasa zima zinaunganishwa kwa wai-fai na kusoma bila kutumia hata kilobaiti ya intaneti.

Sasa akaunti. Hapa ninakuwa mkali, kwa sababu nimeona kijana akipoteza vyeti vyake vyote vilivyopigwa picha. Barua pepe yake ilifunguliwa kwa namba ya kaka yake. Kaka akabadili laini. Miezi ikapita, kijana akapata kazi ya kuombea, akaingiza neno la siri kwenye simu ngeni, na mfumo ukataka kumhakikisha kwa msimbo unaotumwa kwa ile namba ambayo haiko tena. Tulijaribu siku nne. Basi.

Kwa hiyo siku ya akaunti ni somo zima, na haliharakishwi. Kila mtu anafungua ya kwake kwa namba anayoishika yeye. Neno la siri ni maneno manne yasiyohusiana, na linaandikwa kwenye karatasi inayokaa nyumbani. Najua wapo watakaonizomea kwa karatasi. Mtu anayeazima simu za watu na kufungua barua pepe mara moja kwa mwezi hatishiwi na mwizi wa kuvunja sanduku la nguo. Anatishiwa na kusahau. Google inatoa misimbo kumi ya akiba ya kutumia siku simu imepotea. Nayo inanakiliwa kwenye karatasi ileile. Halafu tunafanya zoezi la kutoka kwenye akaunti katika simu ya kuazima, mara tano, mpaka linachosha.

Mwaka mmoja alikuja kijana asiyeona. Kusema kweli nilibabaika, nikawa namwongelesha kwa sauti kubwa kana kwamba kilichokosekana ni masikio. Akatoa simu yake, TalkBack, programu ya Android inayosoma skrini kwa sauti, ikaanza kusoma kwa kasi ambayo mimi sikudaka neno. Akaniuliza kama mashine zangu zina kisoma skrini. Linux inayo Orca, lakini yeye alitaka NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, mwenyewe asiyeona, na inatolewa bure. NVDA ni ya Windows, kwa hiyo mashine moja tukaiachia Windows. Mahitaji yake yote yakaishia hapo, pamoja na spika za masikioni zisizokwaruza.

Nikawa namtazama anavyofanya kazi. Hagusi kipanya. Anahama dirisha kwa Alt na Tab, ananakili kwa Ctrl na C, anapanda na kushuka kwenye orodha ya faili kwa vishale. Na akilifikia faili analolitaka, anapiga Enter. Linafunguka.

Nilikaa chini. Enter! Miezi mitatu nilimtesa binti wa watu na kubofya mara mbili haraka, na kitufe cha kufungulia kilikuwa chini ya kidole chake cha mwisho. Wiki iliyofuata nilikusanya vipanya vyote nikavitia kwenye boksi la bahasha, darasa zima likafanya kazi kwa kibodi tupu, na aliyekuwa akizunguka kuelekeza wenzake ni yule kijana. Walilalamika siku mbili. Ya tatu wakaanza kushindana.

Lililobaki sijalipatia jibu: wanaopotea. Mmoja amepata kibarua, mwingine ana mtoto mgonjwa, mwingine amehamishwa na familia. Saa za darasa nimezibadilisha mara nyingi, na kila ninapozibadilisha ninawapata hawa nawakosa wale. Wasichana hasa, ukiweka jioni umewapoteza. Niliwahi kuwa na kanuni kwamba aliyekosa mara tatu aanze upya na kundi linalofuata. Niliifuta, ilikuwa inawaonea walewale.

Siku hizi kila mtu ana flashi yake, ndani ya bahasha yenye jina, na bahasha zote zinakaa kwenye boksi moja. Asiyerudi, bahasha yake sitoi. Mwaka jana akaingia kijana katikati ya somo, mkimya, ambaye sikuwa nimemwona kwa miezi minane. Hakuuliza tumefika wapi. Aliliendea boksi, akachambua bahasha mpaka akaiona ya kwake, akakaa kwenye mashine ya pembeni. Nikasogea, mikono nyuma. Alifungua folda, akashuka kwa kishale hadi kwenye barua ambayo aliiachia katikati ya sentensi, akapiga Enter, akaendelea kuandika.