Maabara kabla ya MD na PhD: anza na kalenda

Ndugu unayemaliza shahada ya kwanza Marekani na kulenga udaktari wa utafiti, jua kwamba MD (shahada ya udaktari wa tiba) na PhD (shahada ya uzamivu ya utafiti) kwa pamoja huchukua miaka 7 hadi 9. Kamati za udahili hutaka ushahidi kwamba unaifahamu kazi ya utafiti, pamoja na siku zake ndefu zisizo na majibu. Ndiyo maana wengi hupitia posibaki: kazi ya maabara yenye posho, baada ya digrii na kabla ya chuo cha udaktari. Ushauri wetu mkubwa ni huu: panga miaka miwili, usipange mmoja.

Hesabu yenyewe ni hii. Maombi ya AMCAS, mfumo wa pamoja wa kuomba vyuo vya udaktari Marekani, huanza kuwasilishwa kati ya mwisho wa Mei na mwanzo wa Juni. Usaili hufuata kuanzia vuli hadi majira ya baridi, na masomo huanza kiangazi cha mwaka unaofuata. Anayeingia maabara Juni 2027 akitaka kuanza chuo 2028 inabidi atume maombi mwezi uleule aliofika. Msimamizi ataandika nini kwenye barua ya mapendekezo kuhusu mtu ambaye hata kadi ya mlango hajapewa? Akiomba Juni 2028, ana miezi 12 ya kazi nyuma yake. Atakuwa na la kusema pia kwenye insha mbili za ziada za MD na PhD: moja ya herufi 3,000 kuhusu sababu ya kutaka shahada zote mbili, nyingine ya herufi 10,000 kuhusu utafiti alioufanya. Hii ya pili humfichua mtu upesi, kwa sababu inataka ueleze swali lilikuwa nini na mchango wako wewe ulikuwa upi.

Nafasi zinazojulikana zaidi ni za NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani, huko Bethesda, Maryland. Ni za raia wa Marekani na wenye green card (kibali cha ukazi wa kudumu). Kujaza fomu tu na kungoja hakutoshi. Lazima umwandikie mtafiti mkuu mwenyewe. Barua pepe iwe ya aya tatu fupi: wewe ni nani na unaweza kuanza lini, jambo gani mahususi katika makala yake ya karibuni lilikuvutia na swali lako juu yake, kisha ujuzi ulio nao. Ambatisha CV. Barua moja iliyonakiliwa kwa watu hamsini hujulikana kwa sentensi ya kwanza, na haijibiwi.

Aliye na viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi mgeni, asikate tamaa. Anaweza kuajiriwa kama msaidizi wa utafiti chuoni kwa OPT, kibali cha mwanafunzi mgeni kufanya kazi baada ya digrii, miezi 12, na digrii za sayansi zinazostahili huongezewa 24. Ila nyongeza hiyo inahitaji mwajiri aliyejisajili E-Verify, mfumo wa serikali wa kuhakiki ruhusa ya kufanya kazi, kwa hiyo uliza mapema. Vilevile uliza kila chuo kama kinadahili wageni kwenye MD na PhD, maana fedha za mafunzo za NIH ni za raia na wakazi wa kudumu tu.

Kwenye usaili wa maabara, jina kubwa la bosi lisikupumbaze. Uliza nani atakufundisha kila siku, waliotangulia wako wapi sasa, na mradi upi utakuwa wako. Kisha uliza vifaa vya mradi kama vipo tayari. Panya wa maabara hubeba mimba wiki 3 hivi, na watoto wao huanza kuzalishwa wakiwa na wiki 6 hadi 8. Kizazi kimoja basi ni zaidi ya miezi miwili. Mradi wa kuunganisha jeni mbili zilizobadilishwa unaweza kumaliza nusu mwaka kabla ya kipimo cha kwanza. Mradi wa taarifa za wagonjwa nao hungoja kibali cha kamati ya maadili; kama jina lako halimo kwenye kibali, huruhusiwi kugusa faili.

Ukishaingia, andika daftari siku ileile: tarehe, namba ya toleo la kingamwili, seli zimehamishwa mara ngapi. Bila hayo, matokeo yakibadilika hutajua kilichobadilika. Faili ghafi usiiguse. Fanyia kazi nakala. Katika PCR, kipimo cha kunakili DNA, weka daima kisima (kitundu cha sahani ya kipimo) kisicho na sampuli: kikitoa ishara, vimiminika vyako vimechafuka na matokeo ya siku hiyo hayafai. Kupima sampuli moja mara tatu si sawa na kupima wanyama watatu. Kosa hili huwafikia hata wakongwe. Na seli zipimwe mycoplasma mara kwa mara. Bakteria hawa hawaonekani kwa hadubini ya kawaida, na penisilini haiwaui kwa kuwa hawana ukuta wa seli, lakini huharibu majaribio ya miezi kimyakimya.

Omba kikao cha nusu saa na mtafiti mkuu kila wiki au kila wiki mbili. Nenda na mchoro mmoja wa data, hata jaribio likiwa limeshindwa, na maelezo ya unachodhani kilitokea. Mtu asiyekuona ukifikiri hawezi kukuandikia barua nzuri.

MCAT, mtihani wa kuingia chuo cha udaktari, usiuchanganye na miezi mitatu ya kwanza. Ufanye ifikapo Aprili ya mwaka wa kuomba, kwa sababu majibu huchukua mwezi hivi. Na usiache wagonjwa kabisa: saa chache kila wiki kwenye kliniki ya kujitolea zinatosha, kwani kamati itauliza kwa nini hutaki PhD peke yake.

Barua ya mapendekezo iombe Machi, ana kwa ana, kwa swali la wazi: "Unanifahamu vya kutosha kuniandikia barua yenye nguvu?" Akisita, tafuta mwingine. Akikubali, mpe CV, rasimu ya insha ya utafiti, na orodha ya majaribio uliyoyabuni wewe.